Kitupu

Karafuu yenyewe hatuigusi.
Wageni wakija hapa Wawi hutaraji kuona
tunasaga, tunachemsha, tunaonja.
Sisi twatia gramu moja kichupani,
twabana kifuniko cha bati na mpira wake,
twakiacha kwenye joto la nyuzi themanini,
twaenda kunywa chai.

Kinachotakiwa ni hewa.
Ule uwazi mdogo kati ya karafuu na kifuniko,
ambao jicho likiutazama husema hamna kitu.
Humo hupanda kile karafuu isichoweza kukificha.
Sindano hutoboa mpira, huvuta mililita moja,
na mrija wa mita thelathini, mwembamba kama uzi wa mshipi,
huzipokea harufu zote kwa pamoja,
huzitoa moja moja.
Nyepesi hutangulia. Nzito hujikokota.
Kila ifikayo, mstari hupanda mlima wake, ukashuka.

Kwa hewa hiyo nimemjua aliyechanganya makonyo,
na yule wa Mtambile aliyemwagia gunia maji
ili mzani umwonee huruma.
Sura zao sizijui. Naijua milima yao tu.

Mama alitutoka mfunguo tatu.
Dada yangu Mwanahawa akazitia leso zake
katika mfuko wa plastiki, akapiga fundo mbili:
"Usifungue, Zuwena. Kila ukifungua, anapungua."
Hakusoma kemia hata siku moja.

Nilifungua.
Usiku wa zamu, umeme umetulia,
nikakata pindo la leso, kipande cha ukucha,
pale msemo unapoishia,
nikakitia kichupani, nikabana.
Daftarini niliandika: *212, asili haijulikani.*
Uongo wangu wa pekee katika daftari lile.

Asmini ilifika mapema,
kikuba cha harusi ambayo sikumbuki ya nani.
Kisha dawa ya kuchua, ile ya kopo la kijani;
magoti yake yakapita mbele yangu.
Karafuu, bila shaka. Nani Pemba hana?
Udi ukaja nyuma, mzito, hauna haraka,
kama mtu anayeaga mlangoni na haondoki.
Na dakika ya thelathini na moja
kikainuka kilima ambacho mashine haikukijua.
Ina majina laki mbili. Ikaniletea matatu,
yote ya kubahatisha.

Nikasema: ndiye.
Nikaikunja grafu, nikaitia mkobani.

Asubuhi Shaame, msimamizi, akaiona 212.
Hakuuliza ni nini. Aliuliza,
"Kitupu umekipitisha?"

Sikuwa nimekipitisha. Mimi, ninayewafundisha wanagenzi
kwamba kabla ya kuuliza kitu, kiulize kichupa.

Basi kichupa kitupu. Kikafungwa, kikapashwa moto, kikatobolewa.
Mstari ukalala kama jamvi lisiloanikwa kitu,
ukalala, ukalala,
hadi dakika ya thelathini na moja.

"Mpira huo," akasema Shaame. "Ukipata moto hutoka jasho.
Badilisha."
Nikabadilisha. Kilima kikapungua, hakikwisha.
Akakuna kidevu, akaulaumu mrija,
akaenda kupokea simu.

Nikabaki nikinusa mkono wa koti langu.
Kila Ijumaa nguo nazifukiza kwa chetezo chake,
kwa vipimo vyake vya kiganja alivyonionyesha nikiwa na miaka tisa:
udi kidogo, sukari mpaka iungue,
na kitu cha tatu ambacho mwenyewe hakukiita jina,
alisema tu "na hiki."
Kitupu nilikifunga kwa mikono hii.

Huenda ni mpira. Sijui.
Kwenye safu ya maelezo niliandika,
na safari hii sikudanganya:
*Kitupu si kitupu. Chanzo: mpira, au aliyefunga.*

Mfuko nimeurudisha kabatini. Fundo tatu.
Kisha nikanawa hadi viwikoni
kwa sabuni isiyo na harufu, mara mbili, kama kanuni inavyotaka,
maana gunia la Kangani lilikwishafika mlangoni
na mwenyewe amesimama juani, ana wasiwasi.